Maji ya Mfereji Huanzia Msituni

Ukifungua mfereji Mji Mkongwe, maji yanatoka wapi? Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar mwaka 1870 hadi 1888, aliyavuta kwa bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu.

Leo chemchemi za Bububu na Mtoni zinalindwa na msitu wa Masingini. Miti huzuia maji ya mvua yasikimbilie baharini, yakapata kuzama ardhini.

Mabwana misitu hutunza miti. Wataalamu wa maji hupima visima. Kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupenya chini kwa chini, kisima kikawa cha chumvi.

Nawe saidia. Usikate mti karibu na chemchemi. Kabla ya kuchimba kisima, muulize mtaalamu. Chumvi ikishaingia, haitoki upesi.