Hamza Choudhury: Mtoto wa Loughborough anayewapa mzuka Wabangladesh

UKIPITA Belgrave Road mjini Leicester, England, utakutana na maduka ya sari, vito vya dhahabu na vyakula vya Kihindi hadi uchoke. Wengi wa watu wa mtaa huo wana historia ya Afrika Mashariki. Mwaka 1972, Idi Amin alipowatimua Waasia Uganda, maelfu walikimbilia Leicester, licha ya halmashauri ya mji huo kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasiende.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, watoto na wajukuu wa wahamiaji kutoka Asia wamejaa mjini humo. Lakini kwenye kikosi cha Leicester City, kwa miaka mingi jina la Asia Kusini lilikuwa moja tu: kiungo Hamza Choudhury.

BENDERA TATU

Hamza alizaliwa Oktoba 1997 Loughborough, mji mdogo jirani na Leicester. Baba yake mzazi ana asili ya Grenada, kisiwa cha Karibiani. Mama yake ni Mbangladesh, na baba wa kambo aliyemlea ni Mbangladesh pia.

Nyumbani kilizungumzwa Kisylheti, lugha ya Sylhet wanakotoka Wabangladesh wengi wa Uingereza. Baada ya shule alikwenda madrasa kusoma Qur'an, kisha akarudi uwanjani. Likizo nyingine aliletwa kijijini kwao, wilaya ya Habiganj.

Kwenye soka mambo yalimnyookea. Mwaka 2021 aliingia akitokea benchi Leicester ilipoichapa Chelsea bao 1-0 kwenye fainali ya Kombe la FA. Alishakipiga mechi saba timu ya vijana ya England chini ya miaka 21. Simu ya timu ya wakubwa ndiyo haikulia.

JEZI YA NANI?

Desemba 2024 FIFA ilimruhusu kuichezea Bangladesh, timu iliyokuwa nje ya 180 bora duniani. Alipotua Sylhet Machi 2025, uwanja wa ndege ulifurika watu. Akawajibu waandishi kwa Kisylheti, na nchi nzima ikalipuka.

Machi 25 akacheza mechi yake ya kwanza mjini Shillong dhidi ya India, iliyoisha 0-0. Juni akatupia kwa kichwa bao lake la kwanza, Bangladesh ikiilaza Bhutan 2-0 jijini Dhaka.

Wapo wanaosema alikwenda huko kwa sababu England ilimfungia mlango. Hoja hiyo ina uzito, maana kama Three Lions wangemwita mapema, huenda hadithi hii isingekuwepo. Lakini kufungiwa mlango mmoja hakukulazimishi kuingia mwingine. Angeweza kukaa zake Leicester, akala mshahara wake na kupumzika wiki za mechi za kimataifa. Alichagua safari ndefu, joto la Dhaka na timu inayopoteza mara nyingi kuliko inavyoshinda.

WALIOTANGULIA

Kabla yake wengine walipita kimya. Jimmy Carter alikuwa Arsenal Ligi Kuu England ilipoanza 1992. Baba yake alikuwa Mhindi, lakini kwa jina lile nani angejua? Michael Chopra, straika wa zamani wa Newcastle, aliitaka jezi ya India, akakwama kwa kuwa India inadai pasipoti yake na hairuhusu uraia pacha. Zesh Rehman aliyepita Fulham akaichezea Pakistan.

Sensa ya 2021 ilionyesha watu wa asili ya Asia ni asilimia 9.3 ya wakazi wa England na Wales. Angalia vikosi vya Ligi Kuu uone kama unafikisha hata vidole vya mkono mmoja.

Ishu hii haiko mbali na sisi. Taifa Stars nayo imemvalisha jezi Tarryn Allarakhia, winga aliyezaliwa England mwenye asili ya Tanzania na Asia, naye wa Oktoba 1997 kama Hamza. Mashabiki wa hapa wanapouliza "huyu ni wa kwetu kweli?", wanauliza swali lililoulizwa Dhaka.

JIBU LA UWANJANI

Novemba 18, 2025, Bangladesh iliikaribisha India. Timu zote zilikuwa zimeshaaga mbio za Kombe la Asia 2027, lakini mechi ya majirani haihesabu pointi. Bao la Shekh Morsalin likatosha. Ulikuwa ushindi wa kwanza dhidi ya India tangu 2003.

Kiungo wa Loughborough alikuwemo uwanjani. Usiku ule Dhaka hakuna aliyekuwa na muda wa kumuuliza amezaliwa wapi.