Bukavu: Tundu kwenye simu nyeusi ya zamani halizibwi kwa chuma cha moto

Mjini Bukavu, beseni ya plastiki ikitoboka haitupwi. Fundi anapasha chuma kwenye makaa, anayeyusha kipande cha plastiki juu ya tundu, na beseni inarudi nyumbani kuteka maji. Lakini ujuzi huo huo ukitumiwa kwenye simu nyeusi nzito ya babu iliyobaki kabatini, unaiharibu kabisa.

Simu za namna hiyo, za wakati mji ulipoitwa Costermansville na za miaka iliyofuata, zilitengenezwa kwa bakelaiti. Aliyeivumbua mwaka 1907 ni Leo Baekeland, Mbelgiji mzaliwa wa Gent aliyehamia Marekani. Alichanganya fenoli na formaldehidi, na viwanda vikaongeza unga wa mbao ili kuipa nguvu. Ikishaiva ndani ya kalibu kwa moto na mgandamizo, haiyeyuki tena, kama vile yai lililochemshwa lisivyorudi kuwa majimaji. Chuma cha moto kinaiunguza tu. Inatoa harufu kali, na tundu la ukubwa wa msumari linazidi kupanuka.

Matundu mengi yana historia ya kawaida: skrubu iliyokazwa kwa nguvu, simu iliyoanguka, au mtu aliyetoboa ubavu ili kupitisha waya mpya.

Dawa yake ni gundi ya epoksi, ile ya tyubu mbili zinazochanganywa. Kwanza vyuma na waya vinatolewa, ganda linapanguswa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha linaachwa likauke vizuri. Kingo za tundu zinakwaruzwa kidogo ili gundi ishike, na kwa ndani unabandikwa utepe. Rangi nyeusi inatokana na masizi: chembe chache tu, maana yakizidi gundi inabaki laini. Wengine husaga kipande cha bakelaiti kuukuu ili wapate unga wa rangi ile ile. Hapo hatari ni kubwa kuliko faida, kwa sababu bakelaiti nyingine za zamani zilitiwa asbesto, na vumbi lake halifai kuingia mapafuni.

Gundi inajazwa mpaka ipite kidogo usawa wa ganda, mapovu yanatobolewa kwa sindano, na kazi inaachwa mpaka kesho yake. Ndipo msasa wa maji unapita, namba 400, halafu 800, halafu 1200, daima ukiwa umelowa. Mwisho ni dawa ya kung'arishia shaba na kitambaa laini.

Kiraka bado kitaonekana mwanga ukipiga kwa upande. Kwenye simu ya kahawia yenye mawingu-mawingu ni vigumu zaidi kukificha. Ndiyo maana simu ikianguka, jambo la kwanza ni kuokota vipande vyote sakafuni, hata vidogo: kipande kikirudishwa mahali pake, kinalingana kuliko gundi yoyote yenye masizi.