Lugha za Kazi katika Mashamba ya Chai ya Kericho na Bomet

Makampuni ya Uingereza yalipoanza kupanda chai kwa wingi Kericho, nchini Kenya, katika miaka ya 1920, wachumaji wengi waliletwa kutoka nje ya nchi ya Wakipsigis, hasa kutoka kwa Wagusii, Wajaluo na Waluhya, na vijiji vya wafanyakazi vilivyojengwa ndani ya mashamba hayo vikawa vya watu wa lugha nyingi. Hali ni nyingine huko Merigi, wadi ya eneo bunge la Bomet Mashariki, ambako chai ni ya wakulima wadogo na wenyeji ni Wakipsigis, kiasi kwamba kibarua mgeni anayechuma kwa malipo ya kilo huweza kujikuta peke yake kati ya watu wanaosemezana kwa lugha yao. Kote kuwili Kiswahili ndicho kinachotegemewa kuwa lugha ya kati, yaani lugha wanayokutania wasio na lugha moja ya mama.

Lakini mzigo wa lugha hiyo hauwalemei wote sawasawa. Ekegusii na Kiluhya ni lugha za Kibantu zenye ngeli za nomino kama Kiswahili, ilhali Kikipsigis na Kijaluo ni za Kiniloti, hivyo msemaji wa mojawapo hulazimika kujifunza mfumo mzima wa upatanisho ambao lugha yake haina. Zaidi ya hayo, Kikipsigis hakitofautishi maneno kwa sauti za p na b, t na d, wala k na g, na lafudhi inayotokana na hali hiyo hufanyiwa mzaha unaodhaniwa kuwa mwepesi, ingawa anayechekwa mara kwa mara huishia kunyamaza mkutanoni. Mwenyeji, basi, aweza kuwa mgeni katika lugha ya kazi ndani ya nchi yake mwenyewe.

Mgeni halisi hutengwa kwa njia nyingine, nayo ni kuhama lugha katikati ya mazungumzo, jambo ambalo wanaisimu huliita kubadili msimbo. Kwenye chai ya saa nne jambo hilo halina ubaya wowote, na kulikataza kungekuwa uonevu. Kwenye mizani ni jambo jingine: nyapara na karani wakijadili kwa Kikipsigis ni kilo ngapi zikatwe kwa sababu ya maji au majani makavu, mchumaji asiyekijua huona tarakimu tu, wala hana hoja ya kupinga kwa kuwa hakusikia sababu. Shaka yake si ya bure, kwani katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi wa jamii nyingine walishambuliwa ndani ya mashamba ya Kericho, na kwa watu waliopitia hayo, mazungumzo yanayogeuzwa ghafla hayasikiki kama porojo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeliona tatizo hilo la lugha, lakini imelishika zaidi kwenye ncha zake mbili. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya lugha. Kifungu cha 9 kinamtaka mwajiri amweleze mkataba, kwa lugha anayoielewa, mfanyakazi asiyeelewa lugha ulioandikwa kwayo. Na kifungu cha 41 kinataka sababu za kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni zielezwe vivyo hivyo kabla ya uamuzi. Siku zilizo kati ya kuandikwa na kufukuzwa, ambazo ndizo maisha yenyewe ya kazi, zimeachiwa kwa kiasi kikubwa desturi za kila shamba, na hapo kanuni moja ingefaa kuliko mabango ya mshikamano: kila makato yatajwe kwa Kiswahili kabla ya uzani kuandikwa, na malalamiko yapokelewe kwa lugha yoyote ya mlalamikaji.

Kipengele cha pili cha kanuni hiyo kina ugumu wake, kwani lugha yoyote huhitaji mtu wa kuitafsiri. Kwenye maelezo ya kufukuzwa, kwa mfano, kifungu cha 41 kinamruhusu mfanyakazi kuandamana na mwenzake au mwakilishi wa chama chake, na pasipo mkalimani, mwenzake huyo hugeuzwa mkalimani pia, akawa anamtetea mtu na kumtafsiria papo hapo, pengine mbele ya nyapara atakayempangia kazi kesho yake.