Mbio za Kuukamata Mwili wa Ariel

Novemba 2016, mjini Stratford-upon-Avon, Uingereza, Royal Shakespeare Company ilipandisha jukwaani Tufani ya Shakespeare. Katika baadhi ya matukio Ariel, pepo anayemtumikia Prospero, alikuwa na miili miwili: mwigizaji Mark Quartley, na umbo la kompyuta lililofuata mijongeo yake papo hapo, mbele ya watazamaji. Ubunifu huo ulifanywa pamoja na Intel na The Imaginarium Studios.

Quartley alivaa suti yenye vihisi. Kihisi cha aina hii hakimwoni mtu. Kinapima tu jinsi kiungo kinavyozunguka na kubadili kasi, kwa msaada wa dira ndogo, kisha kompyuta inakokotoa mkono uko wapi. Makosa madogo hujilimbikiza, na mhusika huanza kuhama taratibu ilhali mwigizaji amesimama tuli. Chuma kikiwa karibu, mambo huharibika zaidi, kwani hupotosha dira iliyomo kihisini. Njia nyingine, kamera za infraredi zinazofuata alama zilizobandikwa mwilini, haina tatizo hilo, ila lazima kamera zione: waigizaji wakikumbatiana, alama zilizofunikwa hupotea.

Maumbile ya mwigizaji na ya mhusika nayo hayalingani. Mhusika mwenye miguu mirefu akipewa pembe zilezile za magoti ya mwigizaji, nyayo zake huteleza au huzama sakafuni. Kwa hiyo programu huushika kwanza unyayo pale ulipokanyaga, halafu hupanda kukokotoa goti na nyonga. Ukitaka kupima ubora wa kazi hii, tazama miguu kabla ya uso.

Lakini kigumu kuliko vyote ni wakati. Kwa Gollum, mhusika wa kompyuta katika The Two Towers, filamu ya 2002, wahuishaji waliweza kurudia kila tendo na kulirekebisha kwa mkono. Mtetemo wa vipimo hulainishwa vizuri ukizijua fremu zilizotangulia na zinazofuata. Jukwaani zinazofuata bado hazijazaliwa. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 17 hivi. Ukilainisha mno, mhusika anachelewa; ukilainisha kidogo, anatetemeka.

Mimi ningekubali mtetemo. Vidole vya pepo vikitikisika kidogo, mtazamaji atasamehe. Mkono ukiinuka baada ya neno kwisha kutamkwa, ataacha kumwamini Ariel, na macho yake yatahamia kwa Quartley.