Kusasisha programu ya Kodi kabla ya Krismasi: kweli au si kweli?

Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani, kuanzia Rombo na Marangu hadi Kibosho na Machame, sebule hujaa wajomba, mashangazi na watoto, na televisheni haipumziki. Kuna nyumba ambazo televisheni hiyo imeunganishwa na kompyuta ya mtumba inayotumia Linux, na ndani yake programu ya Kodi ndiyo inayopanga filamu, nyimbo na video za harusi na vipaimara. Wageni wakikaribia, mwenye nyumba hukumbuka kwamba toleo lake limepitwa na wakati. Hapo ndipo ushauri unapomiminika kutoka kila upande. Tuupime.

Dai: Ukisasisha, filamu zako zitafutika.
Si kweli. Kodi haimezi filamu. Inazisoma kutoka kwenye folda au diski uliyoielekeza. Inachotunza ni orodha: majina, mabango, na mahali ulipoishia kutazama. Orodha hiyo imo kwenye folda iliyofichwa iitwayo .kodi. Toleo kubwa jipya likifunguliwa mara ya kwanza hutengeneza hifadhidata mpya kutokana na ya zamani, na ile ya zamani huiacha mahali pake. Hata hivyo, funga Kodi na unakili folda hiyo kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote.

Dai: Maktaba ikionekana tupu, imepotea.
Mara nyingi si kweli. Kodi iliyotoka kwenye hazina ya Ubuntu au Debian hutumia folda ya .kodi, lakini ile ya Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu kwenye Linux, hutumia .var/app/tv.kodi.Kodi/data. Ukihama njia, programu mpya haijui lolote kuhusu maktaba yako, ingawa kila kitu kiko palepale ulipokiacha. Nakili yaliyomo kutoka folda ya kwanza kwenda ya pili, kisha ufungue tena.

Dai: Amri ya apt upgrade itakuletea toleo la mwisho.
Si kweli. Kodi 21, iitwayo Omega, ilitoka Aprili 2024, lakini Ubuntu 22.04 imebaki na Kodi 19 na Ubuntu 24.04 na Kodi 20. Hazina hizo hupokea marekebisho, si matoleo makubwa mapya. Anayeitaka Omega ana njia mbili: kupandisha mfumo mzima, kwa mfano kwenda Debian 13, au kutumia Flatpak. Flatpak ni rahisi, ila mara ya kwanza hushusha mamia ya megabaiti, kwa hiyo jipange na bando.

Dai: Programu-jalizi zote zitakufa.
Nusu kweli. Kodi 19 ilipotoka Februari 2021 iliachana na lugha ya programu ya Python 2, na programu-jalizi ambazo hazikuandikwa upya kwa Python 3 ziligoma. Anayeruka leo kutoka Kodi 18, iliyokuja na Ubuntu 20.04, atakutana na ukuta huohuo. Anayetoka 19 au 20 ana nafuu kubwa. Za kupokea chaneli za televisheni, kama kodi-pvr-iptvsimple, kwenye Ubuntu na Debian huja kama vifurushi vya peke yake, na lazima zilingane na toleo la Kodi.

Dai: Video za H.265 zitaacha kukwama.
Si kweli kwa mashine kuukuu. Vichakataji vya Intel Core vya kizazi cha 2 hadi cha 4 havina sehemu maalumu ya kufungua H.265 kwenye Linux. Mzigo wote huangukia kichakataji chenyewe, na picha ya 4K hukikalia. Hakuna toleo la Kodi litakaloongeza kisichokuwemo kwenye chipu. Tafuta nakala ya H.264 au badilisha kompyuta.

Dai: Toleo jipya lina mpira wa bure.
Si kweli. Kodi huja tupu. Anayekuuzia kompyuta "yenye mechi zote" amepachika programu-jalizi za wizi wa matangazo, na hizo ndizo huwa za kwanza kuharibika.

Dai: Umeme ukikatika katikati, kompyuta imekwisha.
Mara nyingi si kweli. Umeme ukirudi, andika sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install, kazi iendelee. Njia bora zaidi ni kushusha vifurushi kwanza kwa kuongeza --download-only kwenye amri ya kusakinisha, halafu kusakinisha umeme ukiwa umetulia.

Dai: Mlimani bila intaneti, haiwezekani.
Si kweli, hasa kwa wanaotumia LibreELEC, mfumo mdogo wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya Kodi tu. Toleo lake la 12 lina Kodi 21. Shusha faili lake la .tar ukiwa Moshi mjini, ukihakikisha linalingana na mashine yako, panda nalo kwenye flashi, liweke kwenye folda ya .update, kisha washa upya.

Dai: Ukijuta, utarudi toleo la zamani bila shida.
Si kweli. Toleo la zamani halisomi hifadhidata mpya. Litaonyesha orodha kama ilivyokuwa siku uliyosasisha, na programu-jalizi zilizokwishabadilika zinaweza kugoma. Njia salama ya kurudi ni ile nakala uliyoitengeneza mwanzoni.

Basi, sasisha mwanzoni mwa Desemba, nakala ikiwa tayari, na ubakize wiki mbili za kurekebisha kitakachokwama. Kama imeshafika tarehe 23 na kila kitu kinacheza vizuri, acha kompyuta ilivyo hadi wageni waondoke.