MPINI WA PANGA NA KIGANJA CHA MKATA MIWA



Safari hii tunazungumza juu ya mpini wa panga. Tunajua wengine watacheka, watasema chama kimeishiwa na maneno. Lakini mkata miwa hulipwa kwa uzito aliokata au kwa ngwe aliyomaliza, na kiganja kikichubuka saa mbili za asubuhi, malipo ya siku hiyo yamekwisha kupungua hata kama msimamizi hajakata senti moja. Sisi tunaozunguka matawi ya mashamba ya miwa ya Busoga na Bunyoro, na ya chai kule Toro ambako kuna visu vya kupogolea, tumeona kwamba maumivu mengi ya mikono huanzia kwenye kitu kilichopakwa juu ya mti.

Panga jipya likitoka stoo mpini wake huwa unang'aa. Mng'ao huo mara nyingi ni vanishi. Vanishi hukaa juu ya mti kama ngozi ngumu, haiingii ndani sana. Dukani inapendeza. Shambani, ikipata jasho, inateleza, na mkataji analazimika kubana vidole kwa nguvu zaidi kila anapopiga. Baada ya muda ngozi hiyo hupasuka karibu na ribiti na kubanduka vipande vipande, na kingo za vipande hivyo ndizo zinazokwangua kiganja. Maji nayo huingia kwenye nyufa yakanaswa chini yake. Mti unavimba, unakauka, unavimba tena, mpaka ribiti zinalegea. Panga lililolegea ni hatari kwa mwenye nalo na kwa jirani yake kwenye mstari pia.

Na lengelenge likipasuka ni mlango. Kwenye miwa kuna panya, na mkojo wa panya una vijidudu vya ugonjwa wa leptospira, ambavyo huingia mwilini kwa njia ya ngozi iliyochubuka. Homa yake huweza kuharibu ini na figo. Wakata miwa wa kaskazini ya Queensland, huko Australia, waligoma mwaka 1935 wakitaka miwa ichomwe moto kwanza ndipo ikatwe, kwa sababu ya ugonjwa huo huo uliokuwa ukiua wenzao. Basi anayesema kiganja kilichochubuka ni jambo la uvivu, aulizwe kama amewahi kusikia habari hiyo.

Dawa ya mpini ni mafuta yanayoingia ndani ya mti na kugandia humo. Si kila mafuta yanafanya hivyo. Mafuta ya mawese na ya nazi hayakauki hata ukingoje mwaka. Yananata, yanaoza kwa harufu, na vumbi linashika juu yake. Yanayofaa ni mafuta ya mbegu za kitani, ambayo maseremala wanayaita linsidi. Hayo yakipata hewa hubadilika polepole yakawa magumu. Yako ya namna mbili. Mabichi huchukua siku nyingi, hata majuma, kabla hayajakauka. Yale yanayoitwa ya kuchemshwa yametiwa dawa ya madini ili yakauke upesi, na kwa panga la shamba hayo ndiyo tunayapendelea. Kwa kisu cha jikoni tumia mabichi na uvumilie.

Kwanza vanishi yote itoke. Kipande cha chupa iliyovunjika kinakwangua vizuri kuliko msasa, ila kishikwe kwa kitambaa kinene. Ndipo ufuate kwa msasa wa kukwaruza, halafu laini, kwa kufuata nyuzi za mti, wala usipite kwa kukingama. Mahali pa kidole gumba na pale mwisho wa mpini panapokaa kwenye kiganja pazungushwe, pasiwe na pembe. Kisha fanya jambo ambalo wengi wanaliruka: futa mpini kwa kitambaa chenye maji kidogo, uache ukauke kabisa. Nyuzi zitasimama kama ndevu za siku mbili. Zipitishie msasa laini tena. Usipofanya hivyo leo, jasho litazisimamisha kesho shambani.

Weka kopo la mafuta juani yapate joto, kamwe usiliweke juu ya moto. Paka kidogo kwa kitambaa. Kwenye ncha ya mpini, ambako mti umekatwa kukingama, rudia mpaka uache kunywa, maana huko ndiko maji huingilia. Ngoja kiasi cha robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu, yote kabisa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu anaona mafuta mengi ni bora, anayaacha, na baada ya siku mbili mpini unanata kama asali. Acha penye hewa siku moja au zaidi, upake tena. Mara tatu au nne zinatosha kuanzia. Mafundi wa zamani wana kanuni yao: kila siku kwa juma moja, kila juma kwa mwezi mmoja, kila mwezi kwa mwaka mmoja. Sisi hatudai kiasi hicho. Mpini ukipakwa mara moja kila mwezi wakati wa mavuno, unakaa vizuri. Hautang'aa, lakini mkono utaushika bila kuubana.

Sasa jambo la moto. Tambara lenye mafuta ya kitani likikunjwa na kutupwa pembeni linapata joto lenyewe na linaweza kuwaka bila kiberiti. Huu si uzushi. Tarehe 23 Februari 1991, mjini Philadelphia, Marekani, jengo la ghorofa 38 liitwalo One Meridian Plaza liliungua. Moto ulianzia ghorofa ya 22, kwenye matambara yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wakipaka mbao mafuta ya kitani, na wazima moto watatu walikufa. Basi tandaza kila tambara peke yake juu ya uzio mpaka likakamae, au lizamishe ndani ya kopo la maji. Stooni lisiingie.

Tumeona pia wenzetu wanaopaka oili chafu ya gari, kwa kuwa inapatikana bure gereji. Hiyo haikauki, na ina vitu vinavyojulikana kuleta saratani ya ngozi. Wasokota nyuzi wa Lancashire, Uingereza, zamani walipatwa na saratani ya ngozi kwa sababu ya mafuta ya mashine yaliyolowesha nguo zao kila siku. Oili ibaki gereji.

Wajumbe wa matawi watauliza gharama ni ya nani. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Panga ni la kampuni, mpini ni wa panga. Katika shamba moja meneja alijibu kwamba mafuta ni mapambo, na mapambo kila mtu ajinunulie. Wajumbe hawakugombana naye. Walileta mapanga mawili mezani, moja limekwanguliwa na kupakwa mafuta, jingine kama lilivyotoka stoo, wakampa ndoo ya maji alowe mikono, kisha ashike yote mawili. Kopo la mafuta na msasa sasa hutolewa stoo kila mwezi. Nusu saa ya kazi hiyo ndani ya muda unaolipwa bado tunaidai, na imo katika orodha ya mazungumzo yajayo.