Njia ya Trekta, Njia ya Maji

Mji wa Babati umekaa kati ya Mlima Kwaraa na Ziwa Babati, na maji ya mvua yanayoshuka mlimani hayana safari ndefu kufika chini. Mwaka 1990 ziwa lilifurika likaingia mjini. Mafuriko yakitokea, lawama huenda kwa miti iliyokatwa. Njia ambayo gogo lilipitia kutoka msituni haitajwi.

Mti ukikatwa, mizizi ya kisiki huendelea kushika udongo kwa muda. Trekta likipita na gogo nyuma yake, udongo hushindiliwa, vitundu vya kupitisha maji na hewa vikaziba. Mvua ikinyesha, maji hayazami. Hufuata mfereji wa tairi kushuka mteremko, na baada ya masika kadhaa mfereji umekuwa korongo. Tena sehemu kubwa ya kushindiliwa huko hutokea katika mapito machache ya mwanzo. Kwa hiyo dereva anayekwepa matope kwa kufungua njia mpya kila safari, akiamini anaipumzisha ardhi, ndiye anayeiumiza zaidi. Afadhali njia moja iharibike kweli kweli, kwingine kubaki salama.

Tanzania imewahi kulipia somo hilo. Miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Finland, mashine nzito ziliingizwa kuvuna magogo katika misitu ya Usambara Mashariki, kwenye miteremko mikali na mvua nyingi. Uharibifu ulizua kelele, uvunaji huo ukasimamishwa, na mwaka 1997 sehemu ya misitu hiyo ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Wapasuaji mbao wa zamani hawakuhitaji mashine: mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni, walipasua papo hapo na kutoa mbao mabegani. Walipoteza mbao nyingi, na wengi hawakuwa na kibali, lakini ardhi waliiacha karibu kama walivyoikuta.

Babati hakuna mitambo ya aina ile. Hata hivyo, trekta la kulimia lenye mnyororo, au Fuso lililojaa mikaratusi, linatosha kuharibu shamba la mteremko lililolowa. Kinga yake si ghali. Njia ya kutolea magogo ipangwe kabla ya mti wa kwanza kuanguka, na miti iangushwe kuielekea. Matawi yatandikwe mahali tairi zitakapopita. Kichwa cha gogo kiinuliwe, kisilime ardhi. Kwa magogo madogo maksai wanatosha, nao Babati wapo. Kazi ikiisha, matuta ya udongo yakatishe njia kwa mshazari ili maji yatawanyike kwenye majani. Zaidi ya yote, trekta lisubiri ardhi ikauke, na hapa ndipo ugomvi ulipo, kwa sababu mnunuzi mwenye lori la kukodi hasubiri.

Ofisa misitu hupima ujazo wa gogo na kuligonga nyundo ya alama. Ardhi lilipoburutwa haipimwi. Vijiji vya Duru-Haitemba, wilayani Babati, vimesimamia msitu wao wa miombo wa takriban hekta 9,000 tangu katikati ya miaka ya 1990, kwa sheria ndogo, walinzi na faini zao wenyewe. Kamati zenye uwezo huo zinaweza kuongeza vifungu viwili: trekta lisiingie msituni wakati wa masika, na dhamana ya mvunaji isirudishwe hadi matuta yakaguliwe.